Kijana kuzunguka bustani ya burudani bila mzazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuelewane maneno kwanza. Bustani ya burudani inayozungumziwa hapa ni ile yenye uzio na geti, tiketi, ramani, na michezo ya kupanda, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi rolakosta. Kijana ni mtoto wa miaka 12 hadi 17. Na hiyo "bila mzazi" ina sura nyingi: kuna mzazi aliyekaa kwenye benchi humo humo ndani, kuna aliyebaki hotelini, na kuna aliyemshusha mtoto getini akaenda zake. Majibu mengi yaliyo hapa chini hubadilika kutegemea wewe ni yupi kati ya hao.

Miaka mingapi inatosha?

Anza na umri uliowekwa na bustani yenyewe, maana huo haujadiliwi. Walt Disney World na Disneyland za Marekani, tangu 2013, hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuingia bila mtu wa miaka 14 au zaidi. Soma vizuri hapo: hawakusema mtu mzima. Kaka wa miaka 14 anaweza kumwingiza mdogo wake wa miaka 11, na mbele ya geti mambo yao yamenyooka. Bustani hizo hizo zinataka mtoto wa chini ya miaka 7 asipande mchezo bila mtu wa miaka 14 au zaidi. Yaani kuna umri wa getini na umri wa kwenye kiti, na wazazi wengi husoma mmoja tu.

Wengine wamekaza zaidi. Knott's Berry Farm ya California, baada ya vijana kupigana ndani ya bustani Julai 2022, ilitangaza mwezi huo huo kwamba siku za Ijumaa na Jumamosi mwenye miaka 17 au chini haingii mpaka awe na msimamizi wa miaka 21 au zaidi. Kilichowasukuma si watoto kupotea, ni vurugu. Kwa masharti ya aina hiyo, kijana aliyeingia Jumatano bila kuulizwa chochote anaweza kurudishwa getini Jumamosi. Masharti haya hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya bustani wiki ile ile mnayokwenda. Usitegemee kumbukumbu za shangazi aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Baada ya hapo ndipo uje umri wa nyumbani kwako. Kwa maoni yangu, miaka 12 au 13 inatosha kwa saa moja au mbili mzazi akiwa ndani ya bustani. 14 au 15 kwa nusu siku. Na kumshusha getini ukaondoka ningesubiri 16. Lakini kuna mtoto wa miaka 12 ambaye ningempa ramani nikalala usingizi, na wa miaka 16 ambaye nisingemwachia hata nafasi yangu kwenye foleni.

Nitajuaje kama huyu wangu yuko tayari?

Usimpime akiwa amefurahi. Mpime mambo yanapomwendea kombo. Mkipoteana sokoni au dukani, yeye husimama, hutafuta mhudumu, au hukimbia huku na huko? Mtu mzima asiyemjua akimwomba jambo, anaweza kusema "hapana" na kuondoka, au heshima tuliyomfunza itamfunga mdomo? Umewahi kumwambia "rudi saa kumi" akarudi saa kumi bila kupigiwa simu?

Na lililo zito kuliko yote: akikosea, hukuambia mwenyewe au habari unaipata kwa watu? Kijana anayeiogopa hasira yako kuliko anavyoiogopa shida yenyewe ataificha shida hiyo hadi ikomae. Simu ikidondoka majini saa nne asubuhi, hatathubutu kukutafuta; atazunguka siku nzima bila simu akitunga maelezo. Kwa hiyo, kabla ya kumpima yeye, kumbuka mara ya mwisho alipokuletea habari mbaya. Ulimpokeaje?

Ujasiri, kwa upande mwingine, haumo katika vipimo vyangu. Watoto waoga wengi huzunguka vizuri sana, kwa sababu husoma vibao.

Mara ya kwanza nimwachie siku nzima?

Hapana. Mpe kwa vijiko.

Anza asubuhi, kabla watu hawajajaa, kwa kumpa uongozi wa familia. Ramani iwe mkononi mwake, na nyinyi mumfuate nyuma kwa saa mbili bila kumsahihisha, hata mkizunguka jengo moja mara tatu. Utajifunza mengi hapo, na yeye pia. Kisha mpe mchezo mmoja: apange foleni, apande, ashuke, akukute mlango wa kutokea. Nasema wa kutokea kwa sababu michezo mingi hukutoa mahali tofauti na ulipoingilia, mara nyingi katikati ya duka la vikumbusho, na mzazi aliyesimama penye mlango wa kuingilia ataanza kuhangaika bure.

Akifaulu, mpe saa moja katika eneo moja la bustani. Kisha hadi mchana. Siku ya pili, kama ipo, ndiyo ya nusu siku.

Aende peke yake au na wenzake?

Na wenzake, ila chagua ni wangapi na ni akina nani. Wazazi hudhani kundi likiwa kubwa ndivyo usalama unavyoongezeka. Si hivyo. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu 306 wa rika tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao na baadhi wakiwa na wenzao wa rika moja. Vijana walipotazamwa na wenzao walithubutu mambo ya hatari zaidi kuliko walipocheza peke yao, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wazima. Mzazi yeyote aliyewahi kusikia "ruka basi, unaogopa nini?" alikwishalijua hilo bila maabara.

Watatu au wanne wanatosha. Wawili ni wazuri hadi mmoja augue tumbo, hapo mwenzake anabaki na mgonjwa na hakuna wa kutumwa. Wakifika sita, hawatembei pamoja tena. Watagawanyika kufikia saa sita mchana, na hakuna atakayejua nani yuko na nani. Kuna tatizo jingine la namba: viti vingi ni vya wawili wawili, kwa hiyo kundi la watatu lina mmoja anayekaa na mgeni au peke yake kila mara. Wakubaliane wapokezane. Jambo dogo, lakini ndilo hununisha watu siku nzima.

Masharti muwape wote kwa pamoja, na wazazi wenzako wawe wanayajua. Ukimpa mwanao saa nane na mama wa rafiki yake akampa huyo rafiki saa kumi na moja, umewaandalia ugomvi.

Wakigombana huko ndani?

Watagombana. Joto, njaa na foleni ya dakika tisini hugombanisha hata watu wazima waliooana. Sharti langu ni moja: hakuna anayeachwa. Mnaweza kunyamaziana, mnaweza kutembea mmoja mbele mmoja nyuma, lakini mtafika mahali pa kukutania mkiwa idadi ile ile mliyoondoka nayo. Asiyevumilia apige simu, mzazi amfuate, bila mahojiano.

Amchukue na mdogo wake?

Kwa mchezo mmoja au miwili, sawa. Kwa mchana mzima, hapana, hata kama kanuni za bustani zinaruhusu. Mdogo mwenye sentimita 118 hataingia kwenye mchezo unaotaka 122, na mkubwa atalazimika kuchagua kati ya kuukosa au kumwacha mtoto nje peke yake. Usimweke mtoto wa miaka 14 kwenye mtihani huo, maana foleni ikiwa fupi ataanguka.

Mimi niwe wapi?

Mara za mwanzo, ndani ya bustani. Usidhani kuwa "ndani" ni karibu, lakini. Cedar Point ya Ohio ina hekta 147 hivi, na kuizunguka ile sehemu ya EPCOT, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, yenye mabanda ya nchi mbalimbali kando ya ziwa ni karibu kilomita 2, hapo bado hujagusa nusu nyingine ya bustani. Kukatiza umati kutoka upande mmoja hadi mwingine kunaweza kula nusu saa. Kaa katikati.

Ukibaki hotelini au nyumbani, hesabu dakika za kutoka hapo hadi getini kwa mwendo wa kawaida. Wewe mwenyewe amua zisizidi ngapi. Mimi nisingependa zizidi thelathini. Halafu pima mfuko wako na tiketi yako pia: mzazi asiye na tiketi hataingia kumfuata mtoto bila kwanza kuongea na watu wa getini, kwa hiyo mahali penu pa dharura pawe panafikika bila tiketi, au jua mapema ofisi ya huduma kwa wageni iko upande gani wa geti.

Tukubaliane nini kabla ya kuachana?

Machache. Mzazi mwenye hofu hutoa maagizo ishirini pale getini, na mtoto huku macho yake yako kwenye rolakosta hubaki na mawili. Mimi husisitiza manne: hatoki nje ya geti kwa sababu yoyote bila kuniambia, haachani na kundi, anafika mahali tulipokubaliana saa tuliyokubaliana, na akipata shida ananipigia, nami siulizi kosa ni la nani mpaka tutakapokuwa tumekula na kupumzika. Penye bustani kadhaa jirani zinazounganishwa kwa basi au treni, kama Walt Disney World yenye nne, taja jina la bustani. "Usitoke" kwa kijana mwenye tiketi ya zote nne inaweza kumaanisha mambo mengi.

Sasa upande wa pili wa mkataba, ambao wazazi huusahau. Wewe umeahidi nini? Utapokea simu mlio wa kwanza. Hutatokea ghafla nyuma yao kwenye foleni "kuwasalimia tu". Hutatuma ujumbe kila dakika kumi. Saa ya kukutana ikifika nawe uwe pale, si umekwama kwenye mchezo wako mwenyewe. Nimeona mikataba mingi ikivunjika, na nathubutu kusema aliyeanza kuivunja mara nyingi ni mzazi: alisema saa nane, saa saba na nusu akashindwa kuvumilia, akawaendea. Mara ya pili mtoto haoni sababu ya kushika saa, kwa sababu saa haikuwa na maana.

Mahali pa kukutania pawe wapi?

Pawe mahali mlipopagusa kwa mikono yenu. Sisi mwaka mmoja tulikubaliana na binti yangu, akiwa na miaka 13, tukutane "kwenye saa kubwa". Nilikaa chini ya saa kubwa dakika arobaini. Yeye alikaa chini ya saa kubwa dakika arobaini. Bustani ilikuwa na saa kubwa mbili, moja kila upande wa ziwa, na simu yake ilikuwa imezima. Tangu siku hiyo tunakwenda wote hadi pale, tunasimama, tunasema kwa sauti: hapa, benchi hili, mbele ya choo hiki.

Pasiwe getini, kwa sababu jioni geti ni mto wa watu. Pasiwe njia ya gwaride, maana huzibwa kwa kamba na utamwona mwanao ng'ambo usiweze kuvuka. Choo kikubwa au kituo cha huduma ya kwanza ni pazuri: vimo kwenye ramani, havihami, na kila mhudumu anaweza kukuelekeza. Muwe na pa pili kama pa kwanza pamefungwa.

Simu zifanyeje kazi?

Saa za kuwasiliana ziwe zimepangwa, tuseme kila baada ya saa mbili, na ujumbe mfupi wa maneno unatosha: "tupo wote, tunaelekea kwenye boti." Usitegemee kupiga simu. Kwenye rolakosta vitu vya mfukoni huwekwa kwenye kabati au kapu kabla ya kupanda, kelele ni nyingi, na kijana asiyepokea kwa dakika kumi na tano yuko hewani akipiga mayowe ya furaha. Watu wakijaa sana mtandao nao huzidiwa; ujumbe wa maneno hupenya mahali ambapo simu ya sauti au picha imegoma.

Betri ndiyo adui wa kweli. Kwa kawaida simu inayodumu hadi usiku huweza kufa saa tisa mchana humo ndani, kwa sababu programu ya bustani imewashwa kutwa kuangalia foleni, kamera haipumziki, mwanga wa kioo umepandishwa kushindana na jua, na simu yenyewe inahangaika kutafuta mtandao. Pawabenki ni ya lazima, ikiwa imechajiwa, na waya wake. Waya husahaulika kuliko kitu chochote duniani. Na zile fimbo za kujipigia picha ziacheni nyumbani. Bustani za Disney zilizipiga marufuku 2015, na si hizo peke yake.

Nimfuatilie kwa lokeshini?

Kama anajua na amekubali, sawa. Kwa siri, hapana. Siku akigundua utakuwa umemfundisha kuzima simu. Hata hivyo usiiamini nukta ile kupita kiasi. Michezo mingi imo ndani ya majengo mazito au chini ya ardhi, ambako ishara za setilaiti hazifiki vizuri, na nukta itaganda mahali alipokuwa nusu saa iliyopita, au itaruka hadi maegesho ya magari na kukusimamisha moyo. Itumie kujua mko pande gani za bustani, basi. Anayekaa anaitazama nukta mchana kutwa hajamwachia mtoto. Amemfuata kwa njia nyingine.

Simu ikizima au ikipotea?

Aandike namba mbili za simu kwenye karatasi, aiweke mfukoni, si ndani ya kasha la simu ambayo ndiyo itakayopotea. Vijana wengi siku hizi hawajui kwa kichwa namba ya mama yao. Mjaribu leo.

Kisha ajue nani wa kumwendea: mfanyakazi mwenye sare na kibandiko cha jina, kwenye mchezo, dukani, popote. Wafanyakazi hao huwa na njia ya kuwasiliana na ofisi. Kijana wa miaka 15 huona haya kusema "nimepotea", maana anaona hilo ni la watoto wadogo. Mpe sentensi nyingine: "Nimeachana na wenzangu na simu yangu imezima, naomba kupiga simu." Ijaribuni nyumbani, hata kama ataviringisha macho.

Michezo yenyewe ni salama bila mimi kuwepo?

Kuwepo kwako hakubadilishi uimara wa reli. Rolakosta hugawanywa katika vipande vya njia, na mfumo hauruhusu magari mawili yawe kwenye kipande kimoja. La mbele likichelewa, la nyuma husimamishwa. Kwa hiyo gari likisimama juu kabisa ya mlima, mara nyingi ni mfumo unafanya kazi yake. La kumwambia mwanao ni hili: mchezo ukisimama, kaa kwenye kiti, sikiliza wahudumu, usijaribu kujifungua. Wana ngazi na njia za kuwateremsha.

Kipimo cha urefu hakina mjadala pia. Kizuizi cha kifua au mapaja kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, ndiyo maana michezo mikubwa mingi huanzia sentimita 122 na mingine hufika 140. Vijana wafupi hutia karatasi ndani ya viatu. Mwambie wazi kwamba hapo hamdanganyi mhudumu, anakidanganya chuma.

Kinachobaki ni tabia, na ndipo uwepo wako ungesaidia: kunyoosha mikono kuelekea nguzo, kuficha simu mkononi ili kurekodi, kuruka uzio kuokota kofia iliyodondoka. La mwisho ndilo ninalolirudia hadi wanachoka kunisikia. Uzio ule upo kwa sababu gari lenye tani kadhaa linapita pale kwa kasi ya barabara kuu. Kofia ikidondoka, imeshakwenda, mwambieni mhudumu.

Jua kali, na mvua?

Jua huwaangusha vijana wengi kuliko rolakosta, kwa sababu hakuna anayeliogopa. Mionzi huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, saa zile zile za foleni. Chupa ya maji ijazwe kila inapoisha, kofia, mafuta ya kukinga jua yapakwe tena kila baada ya saa mbili na kila watokapo majini.

Wajue tofauti ya dalili mbili. Kichwa kuuma, jasho jingi, kichefuchefu na kizunguzungu: kivulini, maji, kituo cha huduma ya kwanza. Mwenzao akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzimia: hiyo ni dharura, joto la mwili linaweza kuwa limefika nyuzi 40, waite mhudumu papo hapo na wampoze kwa maji wakati wanasubiri. Vijana husema "anajifanya tu". Wasiseme.

Radi ikisikika, michezo ya nje hufungwa. Waingie ndani ya jengo, si chini ya mti, na wakae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu mzima asiyewajua akiwasogelea?

Wengi watakaozungumza nao ni watu wa kawaida wanaouliza choo kiko wapi. Kumwambia kijana asiongee na mtu yeyote hakusaidii, na hatatii. Mfundishe kuangalia ombi: mtu mzima anayetaka msaada huwauliza watu wazima wenzake. Anayemwomba kijana amsindikize, amtoe nje ya geti, ampe namba ya simu, au ambaye anamwambia "usiwaambie wenzako", huyo ameshajitambulisha. Kijana ana ruhusa ya kukosa adabu hapo. Mpe ruhusa hiyo kwa maneno kabisa, maana watoto waliolelewa kuheshimu wakubwa huisubiri.

Fedha?

Kiasi cha siku, chote mara moja, kigawanywe mifuko miwili. Akikimaliza saa tano asubuhi kwa mdoli mkubwa ambao sasa anapaswa kuubeba hadi usiku, huo ni mzigo wake. Chakula mlipie kando ili asishinde njaa.

Ana pumu, mzio au kifafa. Asahau?

Asisahau, ajiandae. Dawa ya kuvuta au sindano ya mzio iwe mwilini mwake, wala si kwenye kabati la kukodi upande wa pili wa bustani, na isiachwe juani. Angalau mwenzake mmoja ajue ilipo na jinsi ya kuitumia. Mfundishe wewe mwenyewe, kwa mikono. Mwenye kifafa asome maonyo ya taa za kumulika kabla ya kupanga foleni. Kwa kijana anayelemewa na kelele na umati, uliza ofisi ya huduma kwa wageni kuhusu sehemu tulivu na utaratibu wa foleni, na mfanye hivyo pamoja, kabla ya kuachana, kwa sababu akishalemewa hataweza kueleza.

Amechelewa. Nifanye nini?

Dakika kumi na tano za kwanza, hakuna. Mchezo umekwama, foleni imesimama, mmoja ameenda chooni. Tuma ujumbe mmoja. Kwenye nusu saa, piga simu kwake na kwa wenzake. Ikipita hapo bila jibu, mmoja wenu abaki mahali pa kukutania, na mwingine aende kwa mhudumu wa karibu na picha ya mtoto ya asubuhi ile, inayoonyesha nguo alizovaa. Piga picha hiyo kila asubuhi. Unaweza usiikumbuke rangi ya fulana yake utakapoulizwa.

Akitokea anacheka, meza maneno yako hadi utulie. Kisha adhabu iendane na kosa: amechelewa dakika arobaini, kesho atarudi dakika arobaini mapema. Kumfutia safari nzima ni kumwambia kwamba kuchelewa na kutoroka ni kitu kimoja.

Na usiku?

Giza, fataki, watu wamechoka, na umati wote unaelekea geti moja kwa wakati mmoja. Hata kijana wa miaka 16 aliyezunguka vizuri mchana ningemtaka kando yangu kabla fataki hazijaanza. Wengine watasema nimezidi.

Baba yake hakubali. Tufanye nini?

Msibishane mbele ya mtoto, na mama usimruhusu kwa siri. Muulizeni anayekataa anaogopa nini hasa, kwa jina. "Ulimwengu umeharibika" haijibiki, lakini "simu yake huzima kila mara" ina jibu. Kisha aliye na hofu zaidi ndiye apange muda wa kwanza. Akisema dakika thelathini, ziwe thelathini.

Mwanangu mwenyewe hataki kuachwa. Nimsukume?

Usimsukume. Wengine hupenda kupanda na baba yao, na miaka ya hilo si mingi. Muulize tena mwaka ujao, au baada ya chakula.

Akirudi nimuulize nini?

Si "mmefanya nini?", maana jibu ni "hakuna kitu". Muulize foleni ipi ilikuwa ndefu kuliko zote, nani alipiga mayowe, nani alikataa kupanda. Kama kuna jambo lililoharibika, litapenya humo humo katikati ya vicheko, na likipenya usiruke juu. Sema "ehe?" na uendelee kula. Binti yangu yule wa saa kubwa alichukua siku tatu kuniambia kwamba simu haikuzima yenyewe. Aliizima yeye, ili betri ibaki ya kupigia picha fataki.